Maswali ya Wasomaji: Mama akama, namba ni ya baba

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa Njoro, Kaunti ya Nakuru. Ng'ombe wetu watatu ninawalisha na kuwakama mimi, na kila alfajiri ni mimi ninayepeleka maziwa kwenye kituo cha kupozea cha chama chetu cha ushirika. Akina mama wenzangu wamenihimiza nigombee kiti katika kamati ya chama, lakini karani ameniambia kwamba sistahili kwa kuwa namba ya mwanachama ni ya mume wangu. Je, ni kweli? Na nifanyeje bila kuleta ugomvi nyumbani?
Mama wa Njoro

JIBU: Karani amesema kweli, ingawa ameishia katikati. Sheria ya Vyama vya Ushirika humpa haki ya kupiga kura na kugombea mwanachama aliyesajiliwa, wala haimwangalii aliyekama au aliyebeba mtungi hadi kituoni. Kila mwanachama ana kura moja, hata awe na hisa nyingi kiasi gani, na kwa hiyo nyumba yenu yote ina kura moja ambayo iko mkononi mwa baba watoto.

Sheria hiyohiyo, hata hivyo, inakuruhusu kujiunga kwa jina lako. Humtaka mwombaji awe ametimiza umri wa miaka 18, awe na shughuli inayolingana na madhumuni ya chama, na awe anaishi au anatumia ardhi ndani ya eneo la chama. Haidai hatimiliki ya shamba. Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu wanawake wengi wakishaambiwa walete hatimiliki hurudi nyumbani na kunyamaza, ilhali sharti la namna hiyo, likiwapo, litakuwa limetoka katika sheria ndogo za chama, ambazo wanachama wenyewe wanaweza kuzirekebisha katika mkutano mkuu. Omba nakala ya sheria hizo ndogo uisome mwenyewe kabla ya kujaza fomu yoyote.

Ukishalipa ada ya kujiunga na kununua hisa, kubalianeni nyumbani kwamba sehemu ya maziwa, tuseme ya jioni au ya ng'ombe mmoja, ipelekwe kwa namba yako. Uanze mapema, kwa kuwa vyama vingi humtaka mgombea awe amewasilisha mazao kwa kipindi fulani, na stakabadhi zako ndizo zitakazokuwa ushahidi. Ulizia pia habari ya bonasi: pale inapolipwa kwa kufuata wingi wa lita, kugawa maziwa katika namba mbili kunaweza kuwapunguzia mapato, na ni afadhali mzee alisikie jambo hilo kutoka kwako kuliko kutoka kwa jirani.

Kuhusu amani ya nyumba, nisingeanza na habari ya uchaguzi. Mume anayeambiwa kwanza kwamba mkewe anataka kuingia kwenye kamati huwaza jinsi wenzake watakavyomcheka sokoni. Anayeambiwa kwamba wanachama wawili katika nyumba moja wanaweza, kila mmoja, kuchukua chakula cha ng'ombe kwa mkopo huanza kupiga hesabu. Hapo hutakuwa umemdanganya, kwa sababu malipo yanayoingia katika akaunti yako mwenyewe yana manufaa kwako hata usipochaguliwa kamwe.

Wapo watakaokushauri uitegemee Katiba ya 2010, ambayo Kifungu cha 27 kinalenga kuhakikisha kwamba watu wa jinsia moja hawazidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Ni kifungu kizuri, lakini Bunge lenyewe lilishindwa kukitungia sheria hadi Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje mwaka 2020, nalo halikuvunjwa. Tegemea namba yako. Kamati huwa na watu watano hadi tisa, na ukichaguliwa usikubali kuachiwa mambo ya ustawi na chai ya wageni peke yake. Omba kazi inayokuwezesha kuona vitabu vya fedha.

SWALI: Nimemaliza kidato cha nne nikapata alama ya C. Ninataka kusomea kilimo, lakini baba anasema jembe halihitaji cheti. Nifanye nini?
Msichana wa Butere

JIBU: Kwa alama hiyo huwezi kuingia moja kwa moja katika shahada, ambayo huanzia C+, lakini unafaa kwa stashahada, na Chuo cha Kilimo cha Bukura kimo katika kaunti yenu ya Kakamega. Mwenye stashahada anaweza kufanya kazi ya ugani, yaani kuwashauri wakulima, na baadaye kuendelea na shahada, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Egerton. Mwambie baba kwamba Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Maseno, alijenga jina lake kwa kutafiti mboga zilezile za kienyeji ambazo baba yako hula nyumbani, kama vile mrenda, saga na managu, na kwamba Profesa Ruth Oniang'o, mzaliwa wa magharibi mwa Kenya, alikuwa mmoja wa washindi wawili wa Tuzo ya Chakula ya Afrika mwaka 2017. Kisha mwombe mwende naye Bukura, aulize mwenyewe kuhusu karo na masomo yanayohitajika, kwa kuwa ndiye atakayelipa.