Mfuko wa misaada ya wazimamoto: maswali yenu

Niliumia mgongo kwenye moto. Fidia ya kazini bado haijatoka. Mfuko unaweza kunilipia nini kwa sasa?

Mfuko huziba pengo tu. Fidia huchelewa, na ikija kwa kawaida ni sehemu ya mshahara, bila posho za zamu za ziada. Hapo ndipo kamati hulipia kodi ya nyumba, nauli ya kliniki au ada ya watoto. Mara nyingi fedha huenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba au hospitali, kwa hiyo tayarisha namba za akaunti zao.

Ripoti jeraha kabla zamu haijaisha, hata ukidhani ni misuli tu, na uchukue namba ya tukio. Daktari aandike ulivyoumia. Cheti kinachosema "maumivu ya mgongo" bila kutaja kwamba ulikuwa ukivuta mpira wa maji kitarudishwa. Ambatisha slipu za mshahara za kabla na baada ya kuumia, maana kamati hupima tofauti iliyopo kati yake. Na jina la kwenye akaunti lilingane na la kitambulisho, herufi kwa herufi.

Nitatakiwa kurudisha?

Ruzuku hairudishwi. Lakini baadhi ya mifuko hutanguliza fedha hadi fidia itoke, kisha huzidai. Soma kifungu hicho kabla ya kutia saini.

Kaka yetu alikuwa mzimamoto wa kujitolea Marekani. Alirudi kutoka kwenye moto, akafa alfajiri kwa mshtuko wa moyo. Mkewe ana haki yoyote?

Poleni sana. Mbali na mfuko wa kituo chake, kuna malipo ya serikali kuu yaliyowekwa kwa sheria ya 1976. Yalianza kwa dola 50,000, mwaka 2001 yakapandishwa hadi 250,000, na huongezwa kufuata mfumuko wa bei. Wa kujitolea wamo, mradi kikosi chao kinatambulika kisheria.

Kufia nyumbani hakumwondolei haki. Tangu marekebisho ya 2003, mshtuko wa moyo au kiharusi kinachotokea ndani ya saa 24 baada ya kazi nzito isiyo ya kawaida huchukuliwa kuwa kifo cha kazini, isipokuwa ushahidi wa kitabibu uonyeshe vinginevyo. Kwa hiyo saa ndizo zitakazoamua: alipoitwa, alipotoka, gari la wagonjwa lilipopigiwa simu. Ombeni kumbukumbu za redio mapema, kabla hazijafutwa. Maombi hupelekwa ndani ya miaka 3 tangu kifo. Kama kuna watoto wanaostahili, nusu ni ya mke na nusu ni yao.

Nimestaafu, nimepatikana na saratani ya kibofu. Je, nimechelewa?

Inategemea sheria ya ulipo, ila hoja yako ina nguvu kuliko zamani. Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kazi ya zimamoto kundi la 1, la visababishi vilivyothibitika, na saratani ya kibofu ni mojawapo ya zilizotajwa. Kwingine sheria humchukulia mzimamoto kuwa aliipata kazini. Kwingine utathibitisha mwenyewe. Kituo kikupe nakala za daftari la matukio na orodha za zamu. Uliye bado kazini, andika kila moto: tarehe, namba, kilichoungua, saa ulizokaa, na kama ulivaa kifaa cha hewa hata wakati wa kufukua majivu. Hapo ndipo wengi hukivua.

Tunataka kuanzisha mfuko. Tuanzie wapi?

Tenganisheni akaunti na ya kituo, kwanza kabisa. Huko Pennsylvania, Marekani, kodi ya asilimia 2 ya ada wanazokusanya kampuni za bima ya moto za nje ya jimbo hufika kwenye vyama vya misaada vya wazimamoto wa kujitolea, na wakaguzi hufuatilia fedha hizo zisiishie kwenye uendeshaji wa kituo. Hata fedha zenu zikiwa za michango tu, fuateni mwiko huo.

Watia saini wawili wasiwe wa nyumba moja. Mjumbe ambaye ndugu yake ameomba atoke nje. Wekeni kikomo kwa kila ombi na akiba isiyoguswa. Mwenyekiti aruhusiwe kutoa kiasi kidogo cha dharura mara moja na kukieleza kikaoni, la sivyo mazishi yatapita mkisubiri akidi. Mkichangisha kwa ajili ya familia moja, tangazeni kabla ya shilingi ya kwanza kuingia kwamba ziada itaenda wapi.