Nilimpelekea baba glukosi, moyo wake ulihitaji kingine

Kila nilipotoka Mbeya mjini kwenda Tukuyu, sikukosa kumbebea baba pakiti mbili za glukosi. Alikuwa ameanza kubanwa kifua akipanda kutoka bondeni na mkungu wa ndizi begani. Akisimama dakika tano, kunaachia. Majirani walisema ni vidonda vya tumbo. Mimi nikaamini moyo umeishiwa nguvu, basi niuongezee sukari. Ilipita miezi minne hivyo, na hadi leo inaniuma.

Daktari aliyempima alituchorea moyo kwenye karatasi. Moyo wenye afya, mtu akiwa ametulia, hupata zaidi ya nusu ya nishati yake kwa kuchoma mafuta yaliyomo kwenye damu. (Si ruhusa ya kujaza mafuta kwenye sahani, hayo ndiyo huchangia kuziba mishipa.) Sukari unaichoma pia, hata asidi ya laktiki inayotolewa na miguu tunapopanda mlima. Kuni haziupungukii. Tatizo la baba lilikuwa hewa ya kuziwasha, yaani oksijeni.

Misuli ya mguu ikizidiwa na kazi, huchota oksijeni zaidi kwenye damu ileile inayopita. Moyo hauna akiba hiyo: hata mtu akiwa amelala, umeshachota karibu robo tatu. Ukitaka zaidi, lazima damu yenyewe iongezeke. Na hauichoti kwenye vyumba vyake vilivyojaa damu, jambo lililonishangaza sana, bali unaletewa na mishipa yake ya korona iliyouzunguka kwa nje. Mishipa ya baba ilikuwa imeziba kiasi. Bondeni damu ilitosha, mlimani haikutosha. Nishati ambayo moyo umejiwekea ni ya sekunde chache tu, nao hupiga kama mara 100,000 kwa siku.

Vipimo vilionyesha pia ana kisukari. Nami nilikuwa namlisha glukosi!

Mzee wako akibanwa kifua au akiishiwa pumzi kila akipanda, akaachiwa akipumzika, mpeleke akapimwe presha, sukari na umeme wa moyo. Usianze na dawa za vidonda. Maumivu yakimjia amekaa tu, au yakigoma kuachia, au jasho likimtoka, msisubiri asubuhi, tafuteni gari usiku huohuo. Na mkifika, mwelezeni daktari alikuwa anafanya nini kifua kilipobana, na kiliachia baada ya dakika ngapi. Sisi tulisema tu "kifua kinamuuma", tukarudishwa nyumbani na dawa za tumbo.