Kazi ya uinjinia kwenye malori yanayojiendesha: jibu kwa dogo wa mwaka wa nne

Mdogo wangu, umesema uko mwaka wa nne wa uhandisi wa umeme hapo Dar na umeuliza mawili: usome nini ili uingie kwenye magari yanayojiendesha, na je, hii kazi ina maisha au ni nguvu ya soda. Mdau mmoja hapo juu kakujibu "soma AI tu, mengine yatajipa". Mimi nipo Texas, nafanya kazi upande wa malori, na kabla ya hapa nilikuwa kwenye kampuni nyingine ambayo haipo tena. Kwa heshima zote, mkuu kakupoteza.

Kulifanya gari lione barabara, magari na watu katika siku ya kawaida ni jambo ambalo wengi wanaliweza sasa. Muda wetu unaliwa na mambo yanayotokea mara chache mno. Chukua kipande cha tairi lililopasuka kikiwa katikati ya barabara kuu. Lori lenye mzigo kamili huku linafika kama tani 36, linakwenda kilomita 105 kwa saa, yaani mita 29 kila sekunde. Hata breki zikiwa nzima linahitaji zaidi ya mita 100 kusimama bila fujo. Sasa mpira mweusi haurudishi mwanga vizuri, kwa hiyo laida, ile sensa inayorusha miale ya leza kupima umbali, kwa mita 200 inaambulia nukta chache tu. Kamera inaona doa jeusi. Rada haisemi la maana. Ni tairi? Ni mfuko wa plastiki? Ni mnyama? Mfuko unaupita tu, tairi unalikwepa kama njia ya pembeni iko wazi, na ukifunga breki ghafla kwa ajili ya mfuko, aliye nyuma yako anakuingia. Uamuzi una sekunde tatu nne hivi, na unatakiwa uwe sahihi usiku, kwenye mvua na jua likiwa usoni.

Nilianzia kwenye kuchambua matukio ya namna hiyo. Dereva wa majaribio akishika usukani kwa sababu lori limefanya kitu asichokipenda, rekodi nzima ya sensa inakuja kwetu, tunairudia polepole na kuamua tatizo ni la kina nani: wa utambuzi, wa kubashiri mienendo ya wengine, wa kupanga njia, wa ramani, au ni dereva tu aliyekuwa na wasiwasi. Wenye shahada za uzamivu wanaiona kazi ya vibarua. Mimi bado nasema ni mlango mzuri kuliko yote, kwa sababu baada ya muda unaujua mfumo mzima kuliko aliyejifungia kwenye kipande chake kimoja, na maboss wanaanza kukuita kwenye vikao ambavyo cheo chako hakikupi nafasi ya kukaa.

Kama unataka kuelewa kwa nini AI peke yake haitoshi, soma ripoti ya uchunguzi ya NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, kuhusu ajali ya Tempe, Arizona, Machi 2018, gari la majaribio la Uber lilipomgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku huku akisukuma baiskeli. Sensa zilimwona sekunde 5.6 kabla. Lakini mfumo ulikuwa ukibadilisha jina lake: kitu kisichojulikana, gari, baiskeli, na kila ulipobadilisha ulitupa kumbukumbu ya alikotoka, kwa hiyo haukujua anaelekea wapi. Tena haukuwa umeandaliwa kumfikiria mtu anayevuka nje ya kivuko. Hebu fikiria mfumo huo Manzese. Na mtu aliyekuwa kwenye usukani hakuwa akitazama barabara. Ukiisoma vizuri utaona kwamba wenye macho makali, yaani sensa, walifanya sehemu yao. Kilichokosekana ni uamuzi wa kihandisi: kitu kikiwa na utata ufanye nini, nani anakagua, nani ana mamlaka ya kusema gari lisitoke leo. Siku hizi kuna viwango vya usalama vya kazi hiyo, ISO 26262, ISO 21448 na UL 4600. Vinachosha kusoma, ila ukivijua utatafutwa, maana wengi wanavikimbia.

Mengine hata hayana AI. Sheria ya huku inataka lori likiharibika barabarani dereva aweke vifaa vya tahadhari ndani ya dakika 10. Lori lisilo na dereva nani ataliwekea pembetatu? Aurora na Waymo, kampuni za magari yanayojiendesha, waliomba watumie taa kwenye lori lenyewe badala yake, ombi la kwanza likakataliwa mwishoni mwa 2024, Aurora wakaenda mahakamani. Kwetu lori likizima tunatandika matawi ya miti, na huku sijakutana na injinia aliyefundisha mfumo wake kwamba tawi mbichi lililolala barabarani maana yake kuna semi imekufa mbele. Hilo nawaachia ninyi.

Kuhusu maisha ya kazi, sitakudanganya. Starsky Robotics ilifunga 2020. Uber waliuza kitengo chao mwaka huohuo. Argo AI, iliyokuwa na hela za Ford na Volkswagen, ilifungwa Oktoba 2022. General Motors waliacha kufadhili teksi zisizo na dereva za kampuni yao ya Cruise Desemba 2024. Upande wa pili, Waymo wanabeba abiria bila dereva Phoenix tangu 2020 na wameongeza miji, na Aurora walianza kusafirisha mizigo bila dereva kati ya Dallas na Houston mwaka 2025. Kwa hiyo fani ipo, kampuni ndizo zinakufa. Shida ni kwamba ukiwa na viza ya H-1B, ile ya kazi ya Marekani, ukapunguzwa kazi, una siku 60 kupata mwajiri mwingine au ufungashe virago. Kampuni yangu ya kwanza ilipofungwa, kilichoniokoa ni C++ na ufuatiliaji wa vitu vinavyotembea, maana hivyo vinatakiwa pia kwenye migodi, bandari, matrekta na droni. Malori ya mgodini yanajiendesha Pilbara, Australia, tangu 2008. Zipline wanarusha damu kwa droni Rwanda tangu 2016. Usiitazame barabara ya Marekani peke yake.

Sasa usome nini. Aljebra ya matriki na uwezekano, kwa kina, siyo ya kupitia mtihani. Chujio la Kalman, hesabu ya kukadiria kitu kiko wapi kutokana na vipimo vyenye makosa, ulielewe kiasi cha kuliandika mwenyewe bila kunakili. C++ kwanza, Python ya pili. Linux na ROS 2, programu za kuunganisha sehemu za roboti. Data za KITTI na nuScenes, yaani rekodi za sensa za magari yakiwa barabarani, zinapatikana bila malipo, na CARLA ni mji wa kuigiza wa kujaribia gari, ingawa unataka kompyuta yenye kadi nzuri ya picha; kama huna, baki na KITTI, laptopu ya kawaida inatosha.

Kwenye usaili wangu wa watu wapya nimechoka kuona mradi wa kutambua mistari ya barabara, kila mtu anao. Wewe panda daladala na simu yako, rekodi GPS na vipima mwendo vya ndani ya simu kwenye Barabara ya Morogoro, kisha andika programu ya kukadiria gari liko wapi pale GPS inapopotea. Uoneshe kosa ni mita ngapi na linatokea wapi. Ukija na hicho nitakusikiliza saa nzima.

Shule: CMU, yaani Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani, wana kampasi Kigali tangu 2011, uzamili, na ufadhili upo kwa Waafrika. Ni karibu na nyumbani na jina linafahamika huku. Ukija Marekani moja kwa moja, hakikisha kozi iko kwenye orodha ya STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), maana ndiyo inayokupa miaka mitatu ya kufanya kazi baada ya kuhitimu badala ya mmoja.

Na leseni ya udereva chukua mapema. Kazi nyingi za majaribio zinaitaka, na utashangaa mainjinia wangapi huku hawana.