Tuligombania kibanja, Biblia ya bibi ikabaki kwenye bati

Bibi yetu tulimzika Jinja, na matanga hata hayajaisha watu wakaanza kuulizana karatasi za kibanja ziko wapi. Mi mwenyewe nilikuwa mmoja wao. Kwenye kikao cha ukoo, mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, yupo pale na daftari lake, nilipigania kipande cha marehemu baba yangu, futi hamsini kwa mia, mpaka sauti ikakauka. Baba mdogo alipouliza, na hili sanduku la bati je, hakuna aliyejibu. Shangazi akaliweka miguuni pangu akasema, "Chukua mwanangu, wewe ndo bibi yako alikuwa anakuita msomaji."

Nikalibeba kwa heshima ya shangazi tu. Nililifikisha Kireka, nikalisukuma chini ya kitanda, miaka mitatu. Siku tunahama nyumba nalivuta nakuta mchwa wameingia kwenye kona iliyooza kutu, wamekula jalada lote la Biblia ya bibi na kurasa za mbele, na vumbi la udongo limejaa ndani kama mtu amemimina kwa kijiko. Nilikaa chini pale pale nikalia, mke wangu akadhani nimepata simu ya msiba.

Maana kile kibanja nilichokipigania nilikuwa nakilipia mtu wa kufyeka kila msimu. Kila mtu Uganda hii anajua ukiacha ardhi ya baba yako bila kulima wala kuweka mtu, siku moja unafika unakuta mwingine ameshapanda migomba na anakuuliza wewe ni nani. Basi na imani ya wazee ni hivyo hivyo ndugu zangu. Haimsubiri mtu. Petro anasema urithi wetu umetunzwa mbinguni na hauharibiki, na mi naamini hivyo kabisa, lakini ushuhuda wa wale waliotuletea huo urithi uko kwenye makaratasi na kwenye vichwa vya wazee, na hivyo vyote vinaisha. Wazee wa zamani walilijua hili, kuna Biblia ya Kiganda ilichapwa kwa saizi ya kuingia kwenye kopo la biskuti ili mchwa wasiifikie. Walifikiria mpaka kopo! Mi nikaacha ya bibi kwenye bati lililotoboka.

Ilikuwa ya Kiswahili, kwa sababu babu alikuwa askari, na kambini watu wanatoka kila kabila kwa hiyo ibada ni Kiswahili. Vijana wa siku hizi wanadhani Kiswahili Uganda ni lugha ya bunduki tu. Lakini mmisionari Mackay alipofika Buganda 1878 Injili alizokuja nazo zilikuwa za Kiswahili, na vijana wa ikulu walijifunzia hizo kabla ya kupata za Kiganda. Waumini wakaitwa wasomaji, na mpaka leo mzee wa Kiganda anaweza kukwambia anaenda kusoma kumbe anaenda kanisani. Wengine wa wasomaji hao, Wakatoliki kwa Waprotestanti, ndo walichomwa pamoja Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Kwa hiyo bibi aliponiita msomaji hakumaanisha shule. Nimekuja kuelewa hilo nikiwa na miaka arobaini na kitu.

Sasa ndani ya ile Biblia, pembeni pembeni, ameandika kwa kalamu ya risasi. Sehemu nyingi ni majina tu na tarehe, watu aliowaombea. Kwenye Ufunuo 2, pale pa kuwa mwaminifu hata kufa, ameandika: "17.2.1977. Redio inasema ajali ya gari." Basi, hakuna kingine. Hiyo ni siku moja baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa enzi za Idi Amin, na serikali ikadai ni ajali. Bibi alikuwa anakaa kambini, mke wa askari, hakuweza kusema kitu wala kwa jirani, lakini aliupigia ule mstari laini mbili mpaka karatasi ikakatika.

Na karibu na hadithi ya Zakayo kuna maneno mawili: "Cherehani. Nimetoa." Hapo nikampigia shangazi simu. Akanyamaza sana halafu ndo akanieleza, kwamba Wahindi walipofukuzwa 1972 babu alirudi nyumbani na cherehani kutoka kwenye duka lililofungwa, na bibi aliishonea mwaka mzima. Akaokoka na Balokole, watu wa uamsho, na wale watu, kwao toba haikuishia mdomoni, ulichoiba unarudisha. Mwenye duka hayupo, amesharushwa nchi nyingine huko, basi bibi akasimama kwenye ushirika akasema mbele ya watu wote, akaitoa ile cherehani kwa mjane ambaye hakuwa na kitu, na tangu siku hiyo nguo za watoto wake alishona kwa sindano ya mkono. Utotoni nilidhani bibi hana mashine kwa sababu ni maskini.

Hiyo ndo mali yenyewe. Na imenibana, kwa sababu kazini kwangu kulikuwa na hela ya safari nilizoandika na sikusafiri. Nimeirudisha. Sijisifu, ilinichukua wiki mbili za kukosa usingizi, na ningeipata wapi hiyo nguvu kama sio zile herufi za kalamu ya risasi.

Kwa hiyo kama una mzee bado anapumua, nenda wiki hii. Usimuulize "uliokokaje", atakupa ushuhuda ule wa kanisani ambao ameshautoa mara mia. Muulize alirudisha nini. Muulize aliogopa nini mwaka wa 1977, alisamehe nani na ilimchukua muda gani. Rekodi kwa simu, akikubali. Vitabu vya nyimbo, daftari za ushirika, hata barua, toa chini ya kitanda piga picha kila ukurasa. Na mkigawana mali msiache hilo bati liwe la mwisho, mtajeni mtu wa kulitunza mbele ya ukoo kama mnavyomtaja mrithi.

Shangazi atakuja kwetu Krismasi. Nimemwomba aje na mjane aliyepewa cherehani, bado yuko hai, yuko Bugembe, na shangazi anasema mashine bado inashona.