Jibu: Ufadhili wa darasa la bahari unaisha Desemba, tufanyeje?

Salaam ndugu. Umeuliza mtafute mfadhili wa boti, au mpunguze shule kutoka sita hadi mbili.

Boti iacheni kwanza. Piga hesabu ya siku moja ya watoto pwani: mafuta na nahodha ndivyo vinavyokula fedha, na somo lenyewe, viumbe wa pwani maji yakipwa, liko miguuni pao. Hapa Tanga maji ya bamvua, yaani yanayojaa na kupwa sana mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupwa mnamo saa nne asubuhi, ndani ya ratiba ya shule. Maji mafu, yale yanayopwa kidogo kati ya bamvua na bamvua, hupwa alfajiri na jioni, hayawafai. Kwa hiyo kalenda ya Januari ipangwe kwa mwezi, ndipo mzipelekee shule. Ingieni saa tatu na nusu, mtoke maji yakianza kujaa. Kila mtoto avae viatu, chaza hukata nyayo vibaya. Na jiwe likigeuzwa lirudishwe lilivyokuwa, tafadhali sana. Viumbe vilivyojificha chini yake hukaushwa na jua.

Shule sita zibaki, ila fundisheni walimu wawili kila shule. Mmoja akihamishwa, na walimu huhamishwa, darasa halifi. Mkilenga eneo la Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, ile ya hapa Tanga yenye jina la samaki adimu, ulizieni kibali mapema.