Re: Bwawa la Nyerere tunalo, umeme wa Ethiopia wa nini?

Mkuu umeuliza kwanini tununue umeme Ethiopia wakati Bwawa la Nyerere lina megawati 2115. Swali zuri sana, ila angalia ramani kwanza. Bwawa liko Rufiji, Arusha na Kilimanjaro ziko mbali huko kaskazini na umeme ukisafiri mbali mwingine unapotea njiani, ndo maana mwezi wa 3 2025 Rais Samia alisema kanda ya kaskazini itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya. Laini yenyewe ni ya kilovolti 400, inatoka Isinya Kenya inapita Namanga mpaka Singida, na Kenya nao tangu 2022 wanavuta megawati 200 toka Ethiopia, kwa hiyo, njia ipo tayari. Tena laini inabeba pande zote mbili, sisi tukizidisha tunawauzia, wao wakikaukiwa wanavuta kwetu. Na sio jambo geni, bwawa la umeme la Rusumo pale mpakani tunagawana megawati 80 na Rwanda na Burundi. Mimi kinachoniuma ni mkataba tu, bei iwekwe wazi wananchi tuione, maana mgao wa mwisho mwisho wa 2023 mpaka 2024 mwanzoni ulitutesa sana aisee