Mwani umevaa matumbawe yangu

SWALI

Dada, habari za kazi. Nina tangi la maji ya chumvi la lita 180 hapa Leicester, huu mwaka wa tatu. Mwezi wa nane tulikwenda Kilwa kwenye msiba, tukarudi baada ya siku kumi na nane. Hita ilikuwa imekwama haizimi; jirani aliyekuwa akilisha samaki anasema maji yalifika nyuzi 32. Samaki walipona, matumbawe yakawa meupe kama chokaa. Sasa mengine yanarudisha rangi, lakini lile la matawi, Acropora, nusu yake imebaki mifupa mitupu, na hapo umeota mwani wa kijani kama nywele. Naona unapanda kuelekea sehemu iliyo hai. Nausugua kwa mswaki kila baada ya siku mbili, unarudi. Maji yakipungua naongeza ya bomba, ila nayachemsha kwanza. Fosfeti 0.25, naitreti 25, miligramu kwa lita. Dukani wananiambia ninunue dawa ya kuua mwani. Mke wangu anasema ninunue samaki kangaja, maana kwao ndiye anayekula mwani. Nifuate la nani?

Msomaji, Leicester

JIBU

Kaka, poleni kwa msiba, na kwa tangi pia. Mke wako kakaribia, dukani wamekosea, lakini mwenye kosa yuko jikoni kwako: ni ile sufuria.

Kuchemsha maji kunaua vijidudu. Fosfeti, ambayo kwa mwani ni mbolea, haiendi popote. Mvuke unapaa, fosfeti inabaki, na maji yanakuwa makali kuliko yalivyotoka bombani. Na bomba la Uingereza lina fosfeti ya kutiwa kwa makusudi: makampuni ya maji huiongeza ili madini ya risasi ya mabomba ya zamani yasiyeyukie majini. Kwa mnywa chai haina neno. Kiasi hutofautiana mtaa na mtaa, lakini miligramu 3 kwa lita si jambo la ajabu. Tangi kama lako hupoteza lita mbili hivi kwa siku. Basi piga hesabu: miligramu 6 kwa siku, 180 kwa mwezi, ndani ya lita 180. Kila mwezi unaongeza miligramu 1 kwa kila lita! Kipimo chako kinasoma 0.25 kwa sababu iliyobaki imekwisha kunywewa, na mnywaji ni huyo unayepigana naye kwa mswaki. Naitreti nayo, sehemu yake huenda inatoka huko huko. Sheria hapa inaruhusu hadi miligramu 50 kwa lita katika maji ya bomba.

Kwa hiyo kitu cha kununua ni chujio la osmosisi, linalopitisha maji kwenye utando unaozuia fosfeti na naitreti, lenye kopo la rezini mwishoni, yaani punje za kunasa kinachoponyoka, au ununue maji yaliyokwisha kuchujwa kwa madumu. Mimi hapa Coventry natunza matangi ya watu, na mteja asiyetaka chujio namwambia mapema kwamba hatutafika mbali. Badilisha asilimia 10 ya maji kila wiki kwa maji hayo. Usikimbilie sifuri. Fosfeti ikishuka hadi kati ya 0.05 na 0.1, na naitreti kati ya 5 na 10, inatosha, na ishuke kwa wiki kadhaa. Tumbawe lililougua likikatiwa chakula ghafla hufa kwa njaa, na tangi lililokaushwa kabisa huleta ule uchafu wa kahawia wenye mapovu, ambao ukiuona utaukumbuka huu wa kijani kwa mapenzi.

Sasa hilo tumbawe lenyewe. Mimi ni mtoto wa Makunduchi, mama alilima mwani, kwa hiyo neno hili kwangu si tusi. Lakini hata shambani kuna mwani usiotakiwa. Maji yakipata joto, nyuzi laini huota juu ya mwani uliofungwa kambani na kuufunika, na sisi watoto maji yakipwa tulipelekwa kuzitoa kwa vidole, shina kwa shina. Ukivuta ovyo unang'oa na mmea. Ukitikisa tu kamba, vipande vinaelea na kwenda kushika kwa jirani. Wewe na mswaki wako unafanya hayo yote mawili.

Zima pampu. Toa tumbawe, liweke kwenye ndoo ya maji ya tangi lako. Vuta nywele kwa kibano, ukishika karibu na mfupa. Zilizobaki sugua kwa mswaki laini, na mswaki uende upande mmoja tu: kutoka penye uhai kwenda penye mfupa. Mpaka wenyewe, pale nyama inapoishia, uache milimita mbili tatu bila kuugusa. Hapo ndipo tumbawe linapofanya kazi. Nyama yake inaweza kutambaa tena juu ya mfupa wake wa zamani, ikikuta mfupa safi. Penye mfupa peke yake unaweza kudondosha haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya famasi, ukaiacha dakika moja, ukaosha kwenye ndoo nyingine. Maji ya ndoo zote mbili mwaga, usiyarudishe. Kwa mawe yasiyotoka, vuta mwani kwa mkono mmoja huku mrija wa kubadilishia maji uko kwenye mkono wa pili, unyonye vipande kabla havijasafiri. Mara moja kwa wiki inatosha.

Ukiona ukoko mgumu wa rangi ya waridi umeanza kupaka mfupa, usiusugue. Huo pia ni mwani, lakini ni wa heri: unaziba nafasi na nywele hazipati pa kushika.

Kabla hujakata tawi lolote, lichungulie usiku kwa tochi. Kuna jeupe lililokufa na kuna jeupe lililo hai. Joto lilipozidi, tumbawe lilitapika vile vijimwani vidogo vinavyoishi ndani ya nyama yake na kuilisha. Nyama ikabaki kama kioo, mfupa ukaonekana, lakini mwenyewe yupo. Ukiona ngozi ya utelezi na vinywa vidogo vinafunguka, liache. Lililokufa halikai jeupe siku nyingi. Wiki haiishi limeshaingia ukijani. Tawi lililo tupu lote, likate kwa koleo.

Lenye njaa lilishwe: chakula cha matumbawe kidogo, taa zikizimwa, mara mbili kwa wiki. Taa usiwashe zaidi ya saa nane kwa siku, na zipunguze nguvu kwa mwezi wa kwanza.

Kangaja? Mke wako anajua bahari. El Niño ya 1998 ilipochemsha maji ya pwani yetu, matumbawe mengi yalikufa na mwani ukayavaa. Waliokuwa wakiupunguza ni hao kina kangaja, pono na tasi, pale walipobakizwa na nyavu. Lakini kangaja ni samaki wa kukata mbio mchana kutwa, na kwenye lita 180 utamfanya mgonjwa wa pili. Chukua konokono wa Trochus, wanane hivi. Wakianguka chali hujigeuza wenyewe, tofauti na wale wakubwa wa Turbo, ambao nimewaokoa mara nyingi mpaka nimechoka. Wape kazi baada ya wewe kung'oa. Nywele ndefu hawazili, wanakula machipukizi.

Dawa ya kuua mwani niliwahi kuitia, mwaka wangu wa kwanza, tangi la mteja. Mwani ulikufa wote kwa siku nne, ukaozea mle mle, ukala hewa ya majini, na asubuhi ya tano nikaokota konokono ishirini na mmoja. Nililipa.

Usitazame kila siku, utajitesa. Chora mpaka wa nyama kwenye picha leo, upige nyingine baada ya wiki sita. Ukinitumia, zima kwanza taa za buluu. Chini ya buluu kila tumbawe linaonekana bikira.

SWALI FUPI

Mchanga wa tangi langu umefunikwa na utando mwekundu wa utelezi. Huu nao ni mwani gani?

Msomaji, Muscat

JIBU

Si mwani, ni bakteria wanaoishi kwa mwanga, sianobakteria. Ndiyo maana unatoka kama ngozi, hauna mizizi wala nyuzi za kushika. Unyonye wote kwa mrija taa zikiwa zinawaka, siyo usiku, kwa sababu usiku hupungua ukadhani umepona. Wapo wanaotia antibiotiki. Mimi sitii, maana mchanga wako unaishi kwa bakteria wengine wema. Kisha angalia kesho yake utando umeanzia kona gani, uelekeze pampu hapo.